Fundo Nililofunga Kabla ya Kupika

"Mzee, mimi sijalala siku mbili!" Kijana mmoja wa hospitali aliniambia hivyo juma lililopita nilipokwenda kufuata vidonge vyangu vya presha. Alisema akicheka, kifua mbele, kama mtu anayeonyesha viatu vipya. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaandika jina langu kwenye karatasi, akaliandika tena chini yake, kisha akainua kichwa akaniuliza, "Mzee, jina lako ni nani?"

Basi nimekasirika. Hasira hiyo ninayo tangu siku ile, na mke wangu amechoka kunisikiliza, amesema niende nikawaambie wenyewe. Kwa hiyo nawaambia ninyi wenye makoti meupe, wa Kamembe, wa Mururu, wa Muganza, na popote mnapohudumia wagonjwa. Shule yangu iliishia darasa la tatu, hesabu za kugawanya sikuzifikia. Lakini kusinzia mchana nimekusomea miaka mingi, na mtihani wake nilianguka mbele ya watu.

Kazi yangu ilikuwa kupika. Si chakula. Pale mtaani kwetu walisikia kwamba Radjabu anapika hospitalini, wakawa wananiuliza kama hakuna maharage yaliyobaki. Nilieleza mpaka nikachoka. Nilipika makasi na koleo za daktari, nilipika mashuka, pamba na nguo za chumba cha upasuaji, kile tulichokiita bloku, ili vijidudu vife. Mashuka na nguo tulizipanga ndani ya mapipa madogo ya bati yenye mfuniko, yanaitwa tamburi. Unaingiza tamburi mbili ndani ya chungu kikubwa cha mvuke, unawasha jiko la mafuta chini yake, unangoja mshale wa kipimo upande mpaka alama nyekundu, ndipo unaanza kuhesabu dakika. Mshale ukishuka unaanza tena kuhesabu. Hakuna njia ya mkato, na mtu akikwambia ipo, huyo siku moja atamzikisha mtu.

Aliyenifundisha ni Mzee Gaspari wa Mururu, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Tamburi zetu zilikuwa kuukuu na zote zilifanana kama mayai. Ule mkanda wa kufungua na kufunga matundu ya mvuke, ambao ungekuonyesha ipi imepikwa na ipi bado, ulikuwa umeshikwa na kutu zamani. Sasa utajuaje? Gaspari alichana shuka bovu akapata vitambaa vyembamba, na kila tamburi iliyotoka kwenye mvuke aliifunga kitambaa kimoja kwenye mshikio. Watu wa bloku wakiona fundo, wanabeba bila kuuliza. Ninyi siku hizi mna utepe unaogeuka rangi wenyewe ukipata moto, na bado nimemwona mtu akiubandika huku anapiga miayo kama kiboko wa mto Rusizi. Sisi utepe wetu ulikuwa mkono wa mtu.

"Radjabu," Gaspari aliniambia siku ya kwanza, "fundo unafungaka wakati tamburi iko nakuunguza bidole. Kama haikuunguze, acha."

Hilo ndilo fundisho lote. Halikuzidi hapo. Mtu wa darasa la tatu angelishika.

Gaspari alipostaafu tulibaki wawili, mimi na Kalisti. Juma moja usiku, juma moja mchana, tunapishana. Na hapa nataka mnisikilize, maana kila mtu analalamika juu ya usiku. Usiku haukunishinda. Usiku kuna baridi, kuna mshale wa kutazama, mwili wenyewe unaogopa na unakaa macho. Kilichonishinda ni kulala mchana katika mtaa wa Waislamu wa Kamembe.

Kwanza nyumba yangu ilipakana na karakana ya Mashaka, fundi bati. Alitengeneza karai, vibatari na mabomba ya kunyeshea bustani, na kila kimoja alikigonga kama kimemtukana mama yake. Lakini Mashaka ningemzoea. Kosa ni desturi. Kwetu mtu mzima hajilazi kitandani saa tatu asubuhi. Akijilaza, anaumwa. Na mtu akiumwa, jirani asiyekwenda kumtazama ni jirani gani? Kwa hiyo kila nilipotoka kazini nikajitupa kitandani, habari ilitembea haraka kuliko redio, na watu walianza kuja kunipa pole.

Wa kwanza siku zote alikuwa Bibi Mwajuma, mjane wa nyumba ya tatu, na kikombe chake cha uji.

"Hodi! Mama Zaina, tumesikia baba yuko chini."

Mke wangu anajibu, "Analala tu, Bibi. Alikuwa ku kazi usiku muzima."

"Eee. Njo ugonjwa unaanzaka vile. Marehemu bwana yangu naye walisema analala tu."

Namsikia anavuta kiti. Anakaa. Wanaingia wengine wawili. Kisha mke wangu anakuja kunitikisa bega.

"Baba Zaina, amuka. Bageni bamekuja kukuona."

"Waambie nimelala."

"Nitabaambia umelala namna gani, na bako hapa mulangoni banakuangalia?"

Nami naamka. Nakaa sebuleni na kikoi changu, kichwa kinavuma, naombewa dua ya afya. Siku moja kelele za Mashaka zilikatika ghafla, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe ameweka nyundo chini ili aje kunipa pole naye! Alikaa nusu saa akinieleza dawa ya figo. Nilimwambia mke wangu awafukuze wote. Akaniangalia kama nimemwambia auze watoto. "Leo unafukuza batu," akasema, "siku utakuwa mugonjwa kweli nani atakuya? Mimi peke yangu na Mashaka?" Kinachonikera zaidi hadi leo ni kwamba alikuwa na haki.

Basi nikawa mtu wa saa tatu. Saa tatu za usingizi, siku nyingine mbili, vipande vipande kama kitambaa cha fundi cherehani. Na nilijisifu! Wallahi nilijisifu, kama yule kijana wa macho mekundu. Kalisti akiniuliza, "Umelala?" namjibu kwamba kulala ni kwa wanawake wajawazito. Upuuzi mtupu.

Nilijaribu dawa zote. Nilitafuna tangawizi mpaka ulimi ukaoza. Nilitia punje ya mahindi ndani ya kiatu, nikalala vilevile, nikaamka ninachechemea, na shefu wetu, mkubwa wa kazi, akaniuliza kama nimeumia kazini ili aandike ripoti. Niliosha uso kwa maji ya baridi: hapo unakuwa mtu mwenye uso wa maji anayelala. Sikuwa peke yangu. Kulikuwa na muuguzi mmoja wa wadi ya wanaume, alimwekea dereva wa lori la saruji kipimo cha joto kwapani, akasinzia amesimama, mkono juu ya chuma cha kitanda. Dereva alingoja, akangoja. Mwishowe akakitoa mwenyewe, akamgusa kiwiko. "Papa, nikisome mimi, ao utakisoma ukimaliza kulala?" Wadi nzima ilicheka, nami nilicheka. Sikujua nacheka nini.

Siku moja nikasahau kufunga fundo. Nilipika vizuri, nikatoa, nikaweka mezani, akili ikaenda zake. Watu wa bloku walikuta tamburi mbili hazina kitambaa, wakazikataa, ikabidi nizipike upya na upasuaji ukangoja. Shefu aliniita. Akasema maneno machache: ikitokea tena, Radjabu, utakwenda kumsaidia jirani yako kugonga bati. Nilikuwa na watoto watano.

Ndipo nikawa mjanja. Kuna ujanja wa mtu aliyelala na ujanja wa mtu asiyelala, na huu wa pili ni hatari. Nikawaza: asubuhi ninapopanga mashuka, kichwa kina nafuu kidogo. Nifunge fundo saa hiyohiyo, kabla ya kupika, ili nisisahau tena. Tamburi itaingia kwenye mvuke na fundo lake, itatoka na fundo lake, nani atadhurika? Nikafanya hivyo. Miezi ikapita, hakuna aliyejua, na shefu akanisifu kwamba nimekuwa mwangalifu. Kila siku fundo lilisema kweli, lakini kwa bahati tu.

Siku ninayotaka kuwaeleza, Kalisti alikuwa na msiba kwao Muganza. Nilikuwa nimemaliza juma la usiku, nikaambiwa niendelee na mchana asubuhi ileile, bila kupumzika, mpaka arudi. Siku ya kwanza nikaenda. Siku ya pili nikaenda. Siku ya tatu asubuhi nilipanga tamburi tatu, nikafunga mafundo matatu. Nikapika mbili. Nikazitoa, nikaziweka mezani karibu na ile ya tatu, ili niongeze maji ndani ya chungu kabla ya kuiingiza. Ndoo ilikuwa tupu. Nikakaa juu ya gunia la pamba, nivute pumzi kidogo kabla ya kwenda bombani.

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limeacha dirisha, limehamia kwenye rafu ya pili. Ndoo bado tupu. Mezani tamburi zilikuwa mbili.

Batoto yangu, sijui niwaambie vipi. Niliangalia zile mbili, nikahesabu mara tatu kama mtu aliyeibiwa kuku. Moja imekwenda bloku. Ipi? Zote zilikuwa na fundo. Nikaweka kiganja juu ya hii, bati baridi. Juu ya ile, bati baridi. Nilikuwa nimelala hata moto wenyewe umeondoka. Kuzifungua nichungulie siwezi, maana ukifungua tamburi nje ya bloku umeiharibu, na kama ndizo zilizopikwa basi hakuna kitu kingine hospitali nzima.

Hapo shetani akakaa na mimi juu ya gunia. Akaniambia, zilizopikwa ni mbili kati ya tatu. Hesabu hiyo niliiweza, pamoja na ujinga wangu. Uwezekano mkubwa ni kwamba wamechukua iliyopikwa. Nyamaza, pika tena hizi mbili, hakuna atakayejua. Ukisema, shefu ameshakuahidi nyundo. Nilikaa na mawazo hayo muda ambao mpaka leo naona aibu kuutaja. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke analia ndani ya bloku, si ya kupiga kelele, ile ya kuomba. Nikaondoka mbio.

Mbele ya mlango wa bloku kulikuwa na mstari mwekundu sakafuni, sisi wa kupika haturuhusiwi kuuvuka. Nikasimama kwenye mstari nikausukuma mlango. Kwenye meza alilala mama mmoja wa Nkanka, walikuwa wamemleta kwa mtumbwi baada ya kuhangaika na uchungu siku mbili. Walikuwa wamemchoma sindano ya mgongo, kwa hiyo miguu haisikii lakini macho yako wazi, anaangalia dari. Tumbo limepakwa dawa ya kahawia. Veneranda, muuguzi wa bloku, alikuwa amekwisha kumvisha daktari nguo kutoka ndani ya tamburi, na mashuka yako juu ya mama tayari.

"Dokta, musikate!"

"Nani huyo?" Daktari hakugeuka.

"Ile tamburi. Sijui kama imepikwa."

Veneranda akaruka. "Iko na fundo, Papa Radjabu! Nimeliona na macho yangu, nimelifungua na mikono yangu!"

"Fundo nililifunga mbele."

"Mbele ya nini?" daktari akauliza, na sasa aligeuka.

"Mbele ya kupika, Dokta. Kisha nikalala."

Mama wa Nkanka peke yake alisema, polepole, "Mungu wangu, uyu anasema nini?"

Daktari aliniuliza, "Zilizobaki mbili, ipi imepikwa?"

"Sijui."

"Hujui hata moja?"

"Sijui, Dokta."

Akatukana kwa Kifaransa, sikuelewa maneno ila nilielewa yote. Akamwinamia mama, akasikiliza tumbo, akasema moyo wa mtoto unachoka, hakuna wakati wa kupika upya. Ndipo Veneranda, Mungu amzidishie, akatia mkono ndani ya ile tamburi iliyofunguliwa, mpaka chini kabisa, akatoa shuka la mwisho, akalipeleka puani. Shuka lililopita kwenye mvuke lina harufu yake, kama pasi ya moto juu ya nguo yenye maji. Hili lilinuka kabati.

"Hii ni mbichi," akasema. Kisha akapiga kelele, "Basi zile mbili njo zimepikwa! Papa, kimbia!"

Nilikimbia. Nilirudi na moja kila kwapa, viatu vimebaki njiani. Nikazikabidhi juu ya mstari nikasimama pale. Wakavua nguo zote, wakatupa mashuka, wakaosha mikono upya tangu mwanzo, wakampaka mama dawa upya. Nasikia maji ya bomba yanatiririka, nasikia daktari anahesabu kati ya meno. Maji ya bomba letu yalikuwa membamba kama uzi. Miaka yote sikuwahi kuyalaani, siku ile niliyalaani na mwenye kuyaleta.

Mtoto alitoka hana rangi ya mtu. Hakulia. Veneranda alimsugua mgongo kwa taulo, akamsugua, anamwita "papa, papa, lia, lia papa", kama tunavyombembeleza mtoto wa kiume, na mimi nyuma ya mstari nilikuwa nasugua mikono yangu mwenyewe bila kujua. Kisha ikatoka sauti ndogo kama ya mlango usiotiwa mafuta. Nikakaa chini palepale sakafuni.

Jioni ile shefu alituita. Akaniuliza kwa nini nililala.

"Bageni," nikamjibu.

Watu walicheka. Nilieleza habari za Bibi Mwajuma, uji, dua, Mashaka na figo, na kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka, mpaka nikataka kulia. Daktari hakucheka. Alimuuliza Veneranda, "Wewe ulipokwenda kuchukua tamburi, ulimwona huyu amelala?"

"Nilimwona, Dokta. Nikamuhurumia. Nikabeba polepole nisimuamushe."

Huruma hiyo! Nawasihi, mkimwona mwenzenu amesinzia kazini msimpitie kwa ncha za vidole kama mtoto mchanga. Mtikiseni. Muulizeni mkono wake umefanya nini mara ya mwisho, na kama hajui, kila kilichopita mikononi mwake kirudi mwanzo. Akikasirika, akasirike. Na wewe mwenyewe uliyechoka, usijitungie ujanja wa kukusaidia kuchoka. Sema umechoka, lala. Mimi adhabu yangu ilikuwa kufua mashuka miezi sita, mikono ndani ya sabuni, na ilikuwa halali yangu. Kugonga bati nilisamehewa kwa sababu nilisema kabla ya kisu, si baada.

Usingizi niliupata kwa Gaspari. Alinipa chumba alichofugia mbuzi, kule Mururu, kimezungukwa na migomba. Nikitoka kazini asubuhi napanda kilima, nalala mpaka alasiri, nashuka. Pale mtaani waliona kitanda kitupu siku mbili, wakasema sasa Radjabu amelazwa, hali imekuwa mbaya. Wakaenda hospitalini jioni na uji. Walinikuta ninafua, wakamlaumu shefu kwamba anamfulisha mgonjwa.

Lakini siku ya tatu baada ya mkasa ule, kabla ya mbuzi na kabla ya yote hayo, nilikwenda wadi ya wazazi kumwona yule mama wa Nkanka. Hakuna aliyenituma. Nilivua kofia, nikasimama miguuni pa kitanda. Mtoto alikuwa kando yake, amefungwa kitenge, amenenepa mashavu tayari. Nikasema, "Maman, mimi ni ule—"

"Najua sauti," akasema. "Wewe njo ulikuwa ku mulango. Nilisikia yote."

"Nisamehe, Maman."

Aliniangalia macho, moja kisha jingine, kama mtu anayechagua samaki sokoni. Nami, kwa kuwa sikujua la kufanya, nilinyoosha mikono nimshike mtoto, kama tunavyofanya sote tukiona mtoto mchanga.

"Ngoja," akasema. "Leo umelala?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa nimechoka hata kwa hilo.

"Saa tatu tu, Maman."

Akamvuta mtoto, akamweka upande wa pili, kwenye ukuta.

"Basi enda ulale kwanza," akaniambia. "Ukiamuka, utakuya kumushika."